Mnyama wa mfano katika utafiti wa kifafa: maana yake na mipaka yake

Mnyama wa mfano ni mnyama aliyesababishiwa hali inayokaribiana na ugonjwa fulani wa binadamu, au aliyezaliwa nayo, ili ugonjwa huo uchunguzwe ndani ya mwili mzima ulio hai. Katika kifafa, mara nyingi ni panya wa maabara, wa aina kubwa (kwa Kiingereza rat) au ndogo (mouse). Chembe za ubongo zilizooteshwa kwenye sahani zinaweza kuonyesha umeme ukivurugika, lakini sahani haianguki, haikakamai, wala haina ini la kuvunjavunja dawa.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Degedege ni tukio. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo unaozalisha matukio hayo yenyewe, tena na tena, bila homa wala sumu ya kuyachokoza. Mtoto mwenye homa kali anaweza kupata degedege na asiwe na kifafa maisha yake yote. Mgawanyo huohuo umo katika wanyama wa mfano: wapo wanaosababishiwa degedege papo hapo huku ubongo wao ukiwa mzima, na wapo wenye kifafa hasa. Utafiti ukisema dawa fulani “ilizuia kifafa kwa panya”, swali la kwanza ni panya wa kundi lipi.

Kundi la kwanza ndilo kongwe na rahisi. Mwaka 1937 Tracy Putnam na Houston Merritt, wakiwa Boston, walitumia paka waliopitishiwa umeme kupima dawa nyingi, na fenitoini ikapatikana kwa njia hiyo. Siku hizi jaribio hilo hufanywa kwa panya mdogo: macho hutiwa tone la dawa ya ganzi, kisha umeme wa miliampia 50, hezi 60, hupitishwa kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kwa sekunde 0.2. Panya asiyepewa dawa hunyoosha miguu ya nyuma na kuikakamaza. Dawa ikizuia mnyoosho huo, imefaulu. Kosa la kawaida ni elektrodi, yaani ncha za kupitishia umeme, kutogusa jicho sawasawa. Umeme haufiki wote, miguu hainyooki, na dawa inapewa sifa isiyo yake.

Jaribio la pili huchokoza degedege kwa kemikali ya pentilenitetrazoli, miligramu 85 kwa kilo ya uzito, inayodungwa chini ya ngozi. Sambamba na yote mawili, panya huwekwa juu ya fimbo inayozunguka mara 6 kwa dakika. Akianguka mara tatu ndani ya dakika moja, dawa inamlevya. Dozi inayolevya hugawanywa kwa dozi inayokinga, na dawa ambayo namba hizo mbili zinakaribiana haina faida kubwa kwa mgonjwa.

Kwa miongo mingi majaribio haya mawili yalikuwa mlango wa kila dawa mpya, na mlango huo ulikosea pande zote mbili. Levetirasetamu ilishindwa katika yote mawili. Iliokolewa na panya wanaopata degedege kwa kelele, na wale walio“kokwa”, nitakaowaeleza hivi punde. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 na leo ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana. Kwa upande wa pili, tiagabini na vigabatrini zilikinga panya dhidi ya pentilenitetrazoli, jaribio lililodhaniwa kutabiri dawa za kifafa cha kuzubaa, ambacho mgonjwa hupotewa na fahamu kwa muda mfupi bila kuanguka. Kwa wagonjwa wa kifafa hicho, dawa hizo huzidisha hali. Panya wa ukoo wa GAERS, waliozalishwa Strasbourg, Ufaransa, na wanaozubaa kwa kurithi, nao hali yao huzidi wakipewa dawa hizo. Hawa ndio waliostahili kuulizwa swali hilo.

Kukoka ni kama kukoka moto. Mwaka 1967 Graham Goddard alieleza kwamba umeme hafifu, usioleta degedege siku ya kwanza, ukirudiwa kila siku kwenye amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, hatimaye huleta degedege la mwili mzima. Panya mkubwa huhitaji takriban msisimko 10 hadi 15. Maendeleo yake hupimwa kwa ngazi za Racine za mwaka 1972: 1 ni kutafunatafuna, 2 kutikisa kichwa, 3 mtetemo wa miguu ya mbele, 4 kusimama kwa miguu ya nyuma, 5 kusimama na kuanguka. Hata hivyo, panya aliyekokwa kwa kawaida husubiri umeme wa mtafiti. Ni nadra aanguke mwenyewe.

Anayeanguka mwenyewe ni yule aliyepitishwa kwenye degedege refu la kutengenezwa, mara nyingi kwa lithiamu na pilokapini. Panya mkubwa hudungwa kloridi ya lithiamu, miligramu 127 kwa kilo. Kesho yake hupewa skopolamini ya methili, miligramu 1 kwa kilo, ambayo haiingii kwenye ubongo bali huzuia mate na kuhara. Baada ya nusu saa hupewa pilokapini, miligramu 30 kwa kilo. Degedege likishaanza huachwa dakika 60 hadi 90, kisha huzimwa kwa diazepamu. Likiachwa zaidi, wengi hufa. Likizimwa mapema mno, wengine hawapati kifafa baadaye. Waliopona hawawezi kula wenyewe kwa siku kadhaa, kwa hiyo hudungwa maji ya chumvi na kulishwa uji au tofaa lililopondwa. Hatua hii ikipuuzwa, panya hufa kwa njaa na kiu, na matokeo huharibika.

Kisha huja ukimya wa siku hadi wiki kadhaa, ambapo hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hupoteza chembe na nyaya zake hujipanga upya, halafu matukio ya kujianzia hutokea. Huja kwa mafungu: siku tatu mfululizo, kisha wiki ya utulivu. Kwa hiyo kurekodi kwa muda wa saa nne tu mchana hakuthibitishi chochote. Panahitajika video na umeme wa ubongo usiku na mchana, kwa wiki nyingi, na msomaji wa rekodi asijue nani alipewa dawa.

Kinachosahaulika zaidi ni kasi ya mwili wa panya. Nusu ya levetirasetamu hutoka kwenye damu yake kwa saa 2 hadi 3, ilhali kwa mtu mzima ni saa 6 hadi 8. Ukimpa dozi mbili kwa siku kama binadamu, sehemu kubwa ya siku yuko bila kinga, na utasema dawa haifai. Ndiyo maana pampu ndogo ya kutoa dawa mfululizo hupandikizwa chini ya ngozi.

Na si kila mnyama wa mfano hutengenezwa maabara. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kuhusu nguruwe wa Tanzania walioambukizwa tegu kwa njia ya kawaida, waliorekodiwa kwa video wakipata degedege kali. Vifuko vya mnyoo huyo, vikiwa kwenye ubongo wa mtu, ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kifafa vijijini penye ufugaji huria wa nguruwe. Kwa kifafa cha aina hiyo, nguruwe yuko karibu zaidi na mgonjwa kuliko panya aliyedungwa pilokapini.