Banshee ya mwaka gani? Yanayosemwa sokoni na yaliyogongwa kwenye chuma

Mwaka juzi nilinunua Yamaha Banshee, kwadi ya magurudumu manne ya kuchezea mchangani, hapa Oman kwa bei ya "2006". Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba ni ya toleo la mwisho kabisa. Mimi nikaona bodi linang'aa na stika mpya, nikahesabu pesa. Wiki ile ile nikaipeleka Barka kwa fundi mmoja mtu mzima, Mzanzibari mwenzangu. Hakugusa injini. Alichukua brashi ya waya na kitambaa kilicholowa petroli, akapiga magoti, akasugua fremu mpaka namba ya chesisi ikatoka chini ya rangi. Akahesabu kwa kidole mpaka herufi ya kumi.

"K," akasema. "Mwanangu, hii ni ya 1989."

Nilikuwa nimelipia miaka 17 ambayo haipo. Tangu siku hiyo nimejifunza mambo mengi kuhusu kwadi hizi za zamani za mipigo miwili, yaani zenye injini inayochoma oili pamoja na petroli, na kila Ijumaa nikienda mchangani Bidiyah nasikia vijana wakiambiana yale yale yaliyoniponza.

Dhana: rangi ya bodi inakuambia mwaka.

Haikuambii kitu. Bodi la plastiki la Banshee ni kama kanzu: linavuliwa na kuvalishwa jingine kwa saa moja, na maduka yanauza mapya ya kila rangi. Stika nazo zinachapishwa popote. Namba ndiyo ya kuangalia. Kwa kwadi zilizotengenezewa soko la Marekani, namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17, na ya kumi ndiyo mwaka wa modeli. H ni 1987, J ni 1988, K ni 1989, L ni 1990, na kuendelea mpaka Y ambayo ni 2000. Njiani zinarukwa I, O, Q, U na Z ili zisichanganywe na tarakimu au herufi zinazofanana nazo. Kuanzia 2001 zinaanza tarakimu: 1 ni 2001, 6 ni 2006. Kwadi ya soko jingine si lazima ifuate utaratibu huu, kwa hiyo kwanza ujue ilitengenezewa nchi gani. Na ukiona sehemu ya namba imesagwa au imepakwa rangi nzito kuliko fremu yote, ondoka na pesa zako.

Dhana: ya 2006 ina injini bora kuliko ya 1987.

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Banshee iliuzwa Marekani kuanzia 1987 hadi 2006, na kwa miaka yote hiyo moyo wake ulibaki ule ule: silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, zinazopozwa kwa maji, kipenyo cha kila silinda milimita 64, mwendo wa pistoni milimita 54, gia sita, kuwasha kwa kiki tu, wala haina rivasi. Asili ya injini yenyewe ni pikipiki ya barabarani, RD350LC ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Banshee ya 1990 iliyofunguliwa na kufungwa na fundi anayejua kazi itaiacha nyuma ya 2005 iliyochoka, tena bila kujikaza.

Kinachowapoteza watu ni kuchukua kanuni ya kwadi moja na kuipeleka kwa nyingine. Honda TRX250R ilitengenezwa miaka minne tu, 1986 hadi 1989, lakini ndani ya miaka hiyo minne konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (mhimili unaozunguka), ilibadilika: za 1988 na 1989 ni ndefu kuliko za 1986 na 1987. Ukinunua krenki bila kuuliza mwaka, umenunua chuma cha kuzuia mlango. Suzuki LT250R nayo, iliyotoka 1985 hadi 1992, ina injini tofauti kwa miaka miwili ya kwanza na tofauti kuanzia 1987. Kwa hizo mbili, mwaka ni jambo kubwa. Kwa Banshee, hali ya chuma ndiyo inayotangulia.

Dhana: ina vali ya nguvu kwenye tundu la moshi, kama ndugu zake wa barabarani.

Vali hiyo hubadilisha tundu la moshi kadiri injini inavyopanda mizunguko. Banshee haina. RZ350, pikipiki ya barabarani ya Yamaha, ilikuwa nayo. Banshee haijawahi kutoka nayo kiwandani mwaka wowote.

Dhana: kuna mwaka ambao inajichanganyia oili yenyewe.

Hii inaua injini, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Yamaha hiyo hiyo ilikuwa na kwadi ndogo, Blaster, ya silinda moja ya cc 195 inayopozwa kwa hewa, iliyoanza 1988. Blaster ilitoka na pampu na tangi lake la oili. Mtu aliyeanza na Blaster akahamia Banshee anajaza petroli tupu na kuondoka. Banshee haina pampu. Oili unaichanganya wewe kwa mkono wako kabla petroli haijaingia tangini, kila mara, na oili iwe ya mipigo miwili. Wengi tunakwenda na 32 kwa 1, yaani kwa lita 10 za petroli unaweka kama mililita 310. Ile oili iliyomo kwenye giaboksi ni nyingine kabisa na haipandi kwenye pistoni, labda kuwe na hitilafu ambayo nitaieleza.

Kuna wanaoona wakizidisha oili watakuwa salama zaidi. Tundu la jeti, linalopima petroli kwenye kabureta, halijui oili wala petroli. Linapitisha ujazo ule ule. Ukizidisha oili, kinachopungua ndani ya ujazo huo ni petroli, injini inapata mchanganyiko mkavu, yaani hewa nyingi kuliko petroli, na joto linapanda. Ukibadilisha kipimo cha oili, angalia na jeti.

Dhana: ikikataa kupanda mizunguko, injini imekufa.

Nimeona mtu akiuza Banshee yake kwa bei ya kutupa kwa sababu hii. Banshee ilitoka kiwandani na mfumo unaoitwa TORS, wa kukata moto iwapo kebo ya mafuta itakwama. Una swichi kwenye mkono wa mafuta na juu ya kabureta. Breki ya maegesho nayo ina swichi inayozuia injini isipande. Baada ya miaka 30 ya vumbi, swichi hizi hudanganya: zinaamini kebo imekwama au breki imevutwa, basi injini inakohoa na kutetemeka kana kwamba inakata roho. Kagua nyaya na swichi hizo kabla hujafungua hata boliti moja ya silinda.

Dhana: moshi mwingi ni kawaida ya mipigo miwili.

Moshi mwembamba wakati wa kuwasha, sawa. Lakini wingu jeupe lisilokoma, huku oili ya giaboksi inapungua na hakuna tone chini, lina maana moja: sili ya krenki (mpira unaoziba pembeni ya krenki) upande wa kulia, upande wa klachi, imechoka, na injini inaivuta oili ya giaboksi na kuichoma. Sili ya kushoto, upande wa sumaku, ni hatari zaidi kwa sababu ikichoka haitoi moshi. Inavuta hewa kimya kimya, mchanganyiko wa silinda ya kushoto unakuwa mkavu, na siku moja katikati ya kilima cha mchanga pistoni ya kushoto inayeyuka.

Mzee wa Barka alinionyesha anavyopima. Aliziba matundu ya ekzosi kwa mipira, akaziba na njia ya kabureta, akasukuma hewa kwa pampu ndogo yenye geji ya shinikizo mpaka psi 6, akaweka saa. Dakika sita mshale usishuke. Wa kwangu ulishuka nikiutazama. Akachukua chupa ya maji ya sabuni akanyunyiza pole pole, na povu likachemka kwenye kimpira kinachounganisha njia mbili za kuingizia hewa, kati ya kabureta mbili. Kimpira chenyewe ni kifupi kuliko kidole changu cha gumba, na kilikuwa na ufa usioonekana mpaka ukikunje. Hapo ndipo umri wa kwadi unapohesabika kweli: mpira unakauka hata kama kwadi haijatembea. Ya 2006 iliyolala gereji miaka 15 inahitaji sili na vimpira vipya kama ya 1989.

Dhana: zilipigwa marufuku Marekani, ndiyo maana ni ghali.

Watu wanachanganya mambo mawili. Mwaka 1988 watengenezaji wakubwa walifikia makubaliano mahakamani na serikali ya Marekani, wakaacha kuuza zile mpya za magurudumu matatu. Za magurudumu manne ziliendelea. Kilichoisimamisha Banshee huko ni kanuni za moshi zilizoanza kubana vyombo hivi kwenye modeli za 2006. Kumiliki na kuendesha iliyokwisha kuuzwa hakukukatazwa, na mpaka leo matuta ya Glamis kule California yamejaa sauti yake.

Dhana: zote ni cc 350.

Kutoka kiwandani ni 347. Lakini kila silinda inapochakaa inakerezwa na kuvalishwa pistoni kubwa zaidi: milimita 64.25, 64.50, na kuendelea. Ikifika 66 injini inakuwa karibu cc 370, na ukuta wa silinda umekuwa mwembamba. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni silinda imekerezwa mara ngapi, na akikosa jibu, aruhusu kichwa kifunguliwe.

Tulipofungua yangu, fundi alifuta masizi juu ya pistoni kwa kitambaa. Kushoto pameandikwa 64.50. Kulia 65.00. Mtu alikuwa ameharibu silinda moja, akatengeneza hiyo moja tu, akaifunga na kuiuza. Mzee alikaa kimya muda mrefu akiwa ameshika kitambaa. Kisha akatoa kalamu ya chaki akaandika pembeni ya kila silinda kipimo kinachofuata, kwa sababu ile kubwa nayo ilikuwa na mikwaruzo: 65.25 huku, 65.25 kule. Sasa ni cc 361, na mshale wa geji unakaa psi 6 dakika zote sita.