Je, wajua? Beringi ya pedali ya dramu haizunguki

Wapigaji dramu wengi huamini kwamba pedali ya ngoma ya besi ikiwa nzito, dawa ni beringi za bei mbaya. Kipimo chao ni kuinua nyundo inayogonga ngoma, kuiachia na kuhesabu inapembea mara ngapi.

Kipimo hicho hupima vitu vingi kwa mpigo mmoja: springi, uzito wa nyundo, cheni, bawaba ya kisigino. Sehemu ya beringi humo ni ndogo mno. Tuseme springi inavuta kwa kilo 10, ikiwa imeshikwa milimita 20 kutoka katikati ya shafti. Kilo mara milimita, hiyo ni 200. Shafti ya milimita 8 ikikaa kwenye bushi (kibomba kisicho na gololi) yenye oili, msuguano hula kama 4 kati ya hizo. Kwenye beringi ya gololi haufiki hata 0.1. Ni makadirio, na springi hutofautiana, lakini hata ukikosea mara tatu jibu ni lile lile: kati ya beringi nzima ya bei poa na ya bei ghali, mguu hauoni tofauti. Alama ya ABEC 7 au 9, daraja linalotajwa kwenye beringi, inahusu usahihi wa vipimo, na manufaa yake yako kwenye mashine zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Hata kuisifu pedali kwa jina la kasi ni jambo la zamani. Kampuni ya dramu ya Ludwig ilianza Chicago mwaka 1909 kwa kutengeneza pedali, na Speed King (Mfalme wa Kasi) yao, iliyoficha springi ndani ya nguzo, imejulikana kwa kelele za kulia karibu sawa na inavyojulikana kwa mwendo.

Sasa, kama kazi ni nyepesi hivyo, beringi hufa kwa nini? Hapa ndipo penye kioja. Shafti huenda na kurudi kama nyuzi 50 tu. Chukua beringi ya 608, ile ya viatu vya magurudumu: tundu milimita 8, nje 22, upana 7, kwa kawaida gololi 7. Shafti ikienda nyuzi 50, gololi husogea kama nyuzi 18 kwenye ringi ya nje, ilhali kutoka gololi moja hadi nyingine ni nyuzi 51. Kila gololi ni mlinzi anayetembea mbele ya geti lake tu. Theluthi mbili ya njia ya ringi ya nje haikanyagwi.

Grisi nayo hufanya kama samli sufuriani: pitisha kijiko palepale mara mia, utagusa bati huku samli imejaa pembeni. Gololi ya gurudumu hupita kote na kuichota tena. Ya pedali hairudi. Chuma husaga chuma, unga wa rangi ya kutu hutokea, kisha vijishimo.

Kwa hiyo kila baada ya miezi michache toa springi, cheni na nyundo, kisha zungusha shafti mizunguko 10 kamili. Ikikwamakwama kwa hatua, vijishimo vipo tayari, badilisha. Mafuta ya cherehani juu ya beringi yenye vifuniko vya mpira hayaingii ndani, hukusanya vumbi tu.

Kagua pia kulegea: shika kichwa cha nyundo, kisukume kushoto na kulia. Na pedali ikilia, kabla ya kulaumu beringi, tia tone la grisi pale ndoano ya springi inaposhika.