Kumfuga lemuri si kumwokoa: dhana potofu na ukweli

Kila video ya lemuri mkia-pete, mnyama wa Madagaska mwenye mkia wa mistari, inapoenea katika simu za watu, mimi niliye daktari wa wanyamapori huulizwa swali lile lile: mnyama huyu mpole anapatikana wapi, na je, mtu akimfuga nyumbani hatakuwa amesaidia kumwokoa asitoweke? Wanaouliza ni watu wema wanaopenda wanyama, na kwa sababu hiyo nawajibu bila kuzunguka kwamba wamekosea katika mambo yote mawili. Lemuri hafai kuishi sebuleni, na anayemnunua analipia kukamatwa kwa mwingine.

Nianze na huo upole. Mwaka 2016 ilisambaa video ya lemuri kusini mwa Madagaska akikunwa mgongo na watoto wawili, ambao kila wakiacha, yeye hujigusa mgongoni kana kwamba anawaomba waendelee. Watafiti waliochunguza ujumbe wa Twitter wa kipindi hicho walieleza, katika makala iliyochapishwa mwaka 2019, kwamba baada ya video ile waliongezeka watu walioandika kuwa wangependa kumfuga lemuri. Watu hao hawakujua walichokuwa wakikiona. Lemuri mkia-pete husafishana manyoya kwa meno: meno sita ya mbele ya taya la chini ni membamba, yamebanana na kulala kuelekea mbele, yakifanya kazi ya kitana, na wenzake wa kundi humpitishia meno hayo shingoni na mgongoni mara nyingi kwa siku. Lemuri aliyetengwa na kundi lake hutafuta huduma hiyo popote, hata kwa mkono wa mtu. Watazamaji huona mapenzi pale ambapo mimi naona mnyama aliyekosa wenzake.

Tena upole huo ni wa utotoni. Anapokaribia kukomaa, katika mwaka wa tatu hivi, lemuri mkia-pete huanza kudai nafasi yake katika kundi, na kwa kuwa kundi lake sasa ni familia ya watu, huwauma watu. Meno ya chonge ya taya la juu ni marefu na makali, na jeraha lake ni la kushonwa. Wapo wamiliki wanaotaka chonge hizo zikatwe. Huo ni ukatili, na daktari anayekubali kuufanya anaivunjia heshima taaluma yetu. Dume ana tezi za harufu katika vifundo vya mikono, ambazo huzisugua kwenye mkia kisha akautikisa mkia huo mbele ya mpinzani wake. Ndani ya nyumba hataacha tabia hiyo, na hakuna adhabu wala mafunzo yatakayoiondoa.

Halafu kuna suala la ndizi, ambalo linanichosha kuliko mengine. Watu hudhani kwamba mnyama wa msituni akipewa matunda matamu amepewa chakula chake. Matunda ya sokoni yamezalishwa yawe na sukari nyingi na nyuzinyuzi chache, ilhali lemuri wa porini hula majani, maua, na matunda makavu yenye ukakasi. Akilishwa matunda yetu hunenepa kupita kiasi na anaweza kupata kisukari. Vilevile madini ya chuma huweza kurundikana katika ini lake hadi likaharibika. Kama ndani ya nyumba hiyo kuna paka, hatari inaongezeka, kwa sababu vimelea vya toksoplasma vinavyotoka katika kinyesi cha paka vinaweza kumuua lemuri mkia-pete kwa muda mfupi sana.

Hilo la kumwokoa nalo halina msingi. Mara tu anapozaliwa, mtoto wa lemuri mkia-pete hung'ang'ania tumbo la mama yake, na baadaye hupanda mgongoni. Huwezi kumchukua bila kumkamata au kumuua mama kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba ndani ya Madagaska kwenyewe lemuri zaidi ya 28,000 walikuwa wamefugwa majumbani katika kipindi cha takriban miaka mitatu tu, ingawa sheria ya nchi hiyo inakataza. Lemuri wote wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini imepigwa marufuku, lakini magendo hayajakoma: mwezi Mei 2024 polisi wa Thailand walikamata lemuri 48 pamoja na kobe zaidi ya elfu moja, wote wa asili ya Madagaska. Kwa hiyo ushauri wangu, ninaoutoa kwa kila anayenifikia, ni kwamba hata kuisambaza video ya lemuri aliyevishwa nguo au anayelishwa peremende ni kuitangaza bidhaa ya magendo. Ifute.

Wengine huniambia kwamba lemuri wako wengi, kwa kuwa wamewaona katika bustani za wanyama. Waliowaona ni wa aina chache zinazostahimili kifungo. Spishi za lemuri zinazidi mia moja, na mwaka 2020 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, ilitangaza kwamba kati ya spishi 107 zilizotathminiwa, 103 zilikuwa hatarini kutoweka, 33 kati yake zikiwa ukingoni kabisa. Indri, aliye mkubwa kuliko lemuri wote walio hai, hajawahi kufugwa kwa mafanikio popote, na jike wake huzaa mara moja tu katika miaka miwili au mitatu. Msitu wake ukikatwa, hana bustani ya kumhifadhi.

Kuhusu wanaosema lemuri ni aina ya ngedere, au kwamba komba wetu wa usiku ni lemuri, jibu ni fupi. Komba ni ndugu zao wa karibu kuliko ngedere, lakini si lemuri. Makao ya asili ya lemuri ni Madagaska, Bukini ya wazee wetu wa pwani, na wale wanaoonekana Nzwani na Mwali huko Komoro inaaminika walipelekwa na watu. Aye-aye naye, lemuri wa usiku ambaye katika baadhi ya vijiji huuawa kwa kudhaniwa kuwa ni mkosi, hutumia kile kidole chake chembamba kinachotisha watu kugongagonga magogo na kuchokoa funza waliomo ndani.

Iliyobaki ni dhana kwamba lemuri wakiisha, msitu utabaki salama. Miti mikubwa ya ramy, yenye mbegu nene, hutegemea lemuri wakubwa wenye uwezo wa kumeza matunda yake na kwenda kuziangusha mbegu mbali. Lemuri waliokuwa wakubwa zaidi, mmoja wao akikaribia uzito wa gorila, walikwisha baada ya binadamu kufika kisiwani, na kazi hiyo sasa imebaki kwa spishi chache ambazo bado zinawindwa kwa ajili ya nyama, huku misitu yao ikichomwa kwa kilimo na kukatwa kwa mkaa.