Je, wajua kwa nini leza inatoa chembechembe ukutani ila taa ya wavuvi wa dagaa haitoi?

Chukua kile kileza cha kuchezea paka, vinauzwa kibao tu pale Makoroboi, Mwanza, mulika ukuta usiopakwa rangi usiku (ukuta jamani, sio macho ya mtu). Kale kadoa kekundu hakajatulia, kamejaa chembechembe kama unga wa sembe, ukisogeza kichwa nazo zinasogea. Sasa shuka ziwani kipindi cha giza, wavuvi wa dagaa wamewasha taa, mulika ukuta uleule na taa yao. Hamna chembe hata moja. Kwa nini?

Mwanga ni mawimbi. Ya leza yanakwenda kama wachezaji wa bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma, majembe yanapanda pamoja yanashuka pamoja. Wimbi la leza nyekundu lina urefu wa kama milimita 0.00065 hivi, kwa hiyo ukuta unaouona laini kwake ni milima ya mawe kama ya Mwanza, kila kijiwe kinarudisha wimbi kwa kuchelewa tofauti, yakifika jichoni mengine yanaongezana mengine yanauana, hizo ndizo chembe. Taa ya kawaida ni Kirumba sokoni saa mbili asubuhi, kila mtu na safari yake, chembe zinatokea na kubadilika haraka mno mpaka jicho linaona wastani tu.

Ila mwanga mwingi uko katikati, sio bugobogobo sio soko. Na hapa ndio pananifurahisha: mwanga ulioanza ovyo unajipanga wenyewe ukisafiri. Wanafizikia Van Cittert mwaka 1934 na Zernike mwaka 1938 walionyesha hesabu yake, ukitaka upana wa eneo ambamo mawimbi yanaelewana (yanapanda na kushuka pamoja), zidisha urefu wa wimbi kwa umbali, gawa kwa upana wa taa. Taa ya sentimita 5 ikiwa kilomita 2 ndani ya ziwa, ukiwa umesimama ufukweni mawimbi yake yanaelewana ndani ya eneo la kama sentimita 2. Jua lenyewe, kwa kuwa linaonekana pana, kama nusu digrii hivi, linaishia milimita 0.06 tu.

Sasa kompyuta inaigizaje mwanga wa namna hii? Wa leza ni rahisi, unachora gridi ya pointi 1,000 kwa 1,000, kila pointi na namba inayosema wimbi hapo lina nguvu kiasi gani na limefika wapi katika kupanda na kushuka, unaisafirisha kwa ile njia ya haraka ya Fourier (FFT, hesabu ya kuvunja wimbi kuwa mawimbi mepesi), iliyotangazwa na Cooley na Tukey mwaka 1965, laptopu ya kawaida haitoi hata jasho. Mwanga wa katikati ndio kasheshe. Inabidi ujue kila pointi inaelewana kiasi gani na kila pointi nyingine, yaani milioni mara milioni, jozi trilioni moja, na kila jozi ikila baiti 16 hizo ni terabaiti 16, utaitoa wapi RAM (kumbukumbu ya kompyuta) hiyo?

Kwa hiyo watu wanafanya ujanja. Unaichukua gridi yako unaivuruga kwa bahati nasibu, ila pointi za jirani zivurugike pamoja, na ukubwa wa huo ujirani ndio unaosema mwanga una nidhamu kiasi gani. Unasafirisha kama leza, ukifika upande wa pili unapiga kipeo cha pili upate mwangaza, unauweka pembeni, halafu unavuruga upya unarudia, mara 100 au zaidi, mwisho unachukua wastani wa mwangaza. Wa mwangaza, sio wa mawimbi! Wengi wanakosea hapo, ukijumlisha mawimbi kwanza yanauana yenyewe kwa yenyewe na unabaki na giza huku unatafuta kosa kwenye programu yako usiku kucha.

Ubaya wake ni uvivu, chembe zinafifia kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio, ukirudia mara 100 zinabaki asilimia 10, ukitaka zibaki asilimia 1 urudie mara 10,000. Ndio maana wengine wanafuata njia ya mwanafizikia Emil Wolf ya mwaka 1982, kuugawa mwanga kwenye maumbo machache yasiyohusiana, kila umbo linasafiri kivyake kama leza halafu mwangaza unajumlishwa. Kwa mwanga wenye nidhamu ya kutosha maumbo kumi tu yanaweza kutosha, ila kwa taa ukiwa nayo mtumbwini kabisa, ambapo fujo bado ni fujo, maumbo ni mengi mno, bora urudi kwenye kuvuruga.