Maana ya "mtetezi wa mazingira", na tofauti yake na "mchochezi"

Mtetezi wa mazingira ni mtu yeyote anayesimama kwa amani kulinda ardhi, maji au misitu, awe ana kitambulisho cha shirika au hajui hata kusoma. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kilichonifanya niandike ni neno jingine, nililolisikia likipachikwa mahali pake kwenye mkutano wa kijiji huku Chamwino, mkoani Dodoma.

Mama mmoja aliuliza habari za matipa yanayozoa mchanga korongoni. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 ujenzi umeshika kasi, na mchanga ni pesa. Lakini mchanga wa korongo ndio ghala letu la maji. Mvua za huku kwa kawaida hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Desemba zimeanza, Aprili zimekwisha. Mchanga unayanywa yale maji na kuyafunika jua lisiyafikie. Ikifika mwezi wa tisa kina mama wanafukua kwa mikono, wanasubiri maji yajikusanye shimoni, wanachota kwa kikombe mpaka ndoo ijae. Tipa likikomba mchanga hadi mwambani, hakuna tena cha kufukua. Mama alieleza hayo taratibu, bila kumtaja mtu. Akajibiwa: "Mama, umetumwa na nani? Mumeo anajua uko hapa?" Katika muhtasari akaandikwa mchochezi.

Tuyaangalie haya maneno. "Mtetezi" na "mchochezi" yamefinyangwa kwa namna moja: tetea, mtetezi, chochea, mchochezi, kama pokea inavyozaa mpokezi. Labda kwa kuwa yanafanana masikioni ndiyo maana yanabadilishana nafasi kirahisi. Mizizi yake iko mbali kabisa. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani ya moto ambao tayari unawaka, uwake zaidi. Kutetea kunatokana na kuteta, yaani kubishana, kulalamika, kusema dhidi ya jambo. Ukiongeza kiambishi cha kutendea, unapata kuteta kwa ajili ya mwingine. Kwa hiyo ndani ya neno "mtetezi" kuna watu wawili daima: anayesema, na yule asiyeweza kujisemea. Korongo halisemi. Mtoto atakayechota maji miaka ijayo naye bado hajazaliwa.

"Mwanaharakati" nalo linatupwa siku hizi kama tusi. Harakati ni Kiarabu, mwendo, ndugu yake haraka. Mwanaharakati ni mtu wa vuguvugu fulani, kama mwanajeshi alivyo wa jeshi. Ni neno la heshima, ila mama yule hana vuguvugu lolote. Ana ndoo.

Nasisitiza hivi kwa sababu jina baya hutangulia, kipigo hufuata. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989, wabunge walilibeza shirika lake kwamba ni kundi la wanawake walioachika. Mwaka 1992 askari walimpiga katika bustani ileile mpaka akazimia. Januari 1999 alikwenda kupanda miti msitu wa Karura, akapasuliwa kichwa. Berta Cáceres wa Honduras, aliyepinga bwawa kwenye mto Gualcarque, aliuawa nyumbani kwake Machi 2016. Fikile Ntshangase wa Afrika Kusini alipinga kupanuliwa kwa mgodi wa makaa ya mawe; Oktoba 2020 alipigwa risasi naye akiwa nyumbani.

Na mwanamke hapigwi kwa fimbo ile ile ya mwanamume. Kwake huanzia kwenye ndoa, kwenye tabia, kwa mume kuitwa pembeni aambiwe amdhibiti mkewe. Mwanamume akiuliza swali la mchanga, anajibiwa habari ya mchanga. Swali lile la "mumeo anajua" halikuwa mzaha. Lilikuwa onyo, na kila mwanamke aliyekaa pale chini ya mti alilielewa. Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono.

Sheria yetu haina utata hapa. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kwa hiyo aliyemtuma anajulikana.

Mwenyekiti wetu na mtendaji, nawaombeni kwa heshima: muhtasari ule bado haujathibitishwa, utasomwa kikao kijacho. Pale palipoandikwa "mchochezi" pafutwe. Paandikwe jina lake kamili, mkazi wa kitongoji, ameuliza kuhusu mchanga wa korongo. Halafu chini yake liandikwe jibu la swali lake.