Ushuru wa Forodha Ukirejeshwa, Pesa Inaingia Mfuko wa Nani?

Dhana: Aliyeumia na ushuru ndiye anayerudishiwa

Forodha haiulizi nani aliumia. Inaangalia nani alilipa, yaani yule ambaye jina na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi (PIN kwa Kenya), vipo kwenye tamko la forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 144, inaruhusu kurejesha ushuru uliolipwa kimakosa, au wa bidhaa zilizoharibika au kuibwa safarini, au zilizoharibika zikiwa bado chini ya forodha. Lakini kwa kawaida madai huletwa na mtu aliyelipa ushuru huo. Wakala wa forodha akikulipia kwa jina lako, haki inabaki kwako. Akiingiza mzigo kwa jina lake, haki ni yake, hata kama kila shilingi ilitoka kwako.

Hapa ndipo wanaochangia kontena wanapopoteza. Mfanyabiashara wa Kariakoo ananunua mabegi Guangzhou, anampa msafirishaji mzigo, analipa kwa kilo au kwa CBM (mita za ujazo). Bei hiyo huwa imebeba nauli na ushuru pamoja. Kwenye TANSAD, yaani fomu ya tamko la forodha ya Tanzania, linasomeka jina la msafirishaji, na mabegi yamo ndani ya orodha moja na vyombo vya jikoni vya watu wengine kumi. Ikigundulika baadaye kwamba mabegi yalitozwa zaidi, mwenye mabegi hana hati hata moja inayoonyesha alilipa ushuru. Anayo risiti ya usafirishaji tu.

Kinga ni kabla mzigo haujapakiwa. Kama thamani ni kubwa, dai hati ya shehena (bill of lading) yenye jina lako na mzigo utolewe kwa TIN yako. Kuchangia kontena hakuzuii hilo. Msafirishaji akikataa, pata maandishi matatu kutoka kwake: kiasi cha ushuru wa bidhaa zako peke yake, nakala ya tamko ikishatoka, na ahadi iliyosainiwa kwamba ushuru wowote utakaorejeshwa kwa bidhaa zako atakukabidhi, na ndani ya siku ngapi. Ahadi ya mdomo huwa haina nguvu pesa ikishaingia benki.

Dhana: Ushuru ukirejeshwa, bei dukani itashuka

Watu wanachanganya mambo mawili. Kiwango cha ushuru kikipunguzwa, mzigo unaofuata unaingia kwa gharama ndogo, na ushindani unaweza kuvuta bei chini. Marejesho yanahusu mzigo ulioshaingia, ambao mara nyingi umeshauzwa. Sheria ile ya forodha haimlazimishi muagizaji kumtafuta mteja aliyenunua begi mwaka jana. Kama alikuwa amepandisha bei kufidia ushuru, anakuwa amelipwa mara mbili. Kama alikata faida yake ili asipoteze wateja, basi anachorudishiwa ni halali yake kabisa. Ukiangalia fomu ya madai huwezi kujua yupi ni yupi.

Dhana: Nchi ya nje ikirejesha ushuru, kiwanda chetu kitapata

Mpango wa Marekani wa upendeleo wa ushuru kwa nchi zinazoendelea, GSP, uliisha muda Julai 31, 2013 na kurudishwa kwa sheria Juni 2015. Sheria iliruhusu kurejesha ushuru uliolipwa katikati hapo, lakini kwa waagizaji wa Marekani na bila riba. Walioendelea kuweka alama ya GSP kwenye matamko yao ya kielektroniki walirudishiwa bila kuomba. Wengine walipewa siku 180 kuomba. Muuzaji wa nje aliyekuwa amempunguzia mnunuzi bei ili asimkimbie hakuwa na mahali pa kudai forodhani. Kwa hiyo kila mnunuzi anapoomba punguzo kwa sababu ya ushuru, muuzaji wa Nairobi au Arusha aandike kwenye mkataba: ushuru ukirejeshwa, punguzo nalo linarudi, kwa uwiano ule ule.

Dhana: Kinachorejeshwa chote ni faida

Chukua mzigo wa Tanzania Bara wenye thamani ya forodha ya shilingi 40,000,000, uliotozwa 25% badala ya 10%. Ushuru uliozidi ni 6,000,000. VAT ya 18% nayo hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo nayo ilizidi kwa 1,080,000. Asiyesajiliwa VAT ameumia kwa 7,080,000 yote. Aliyesajiliwa, kama alishaikata VAT hiyo kwenye ritani zake, hasara yake halisi ni 6,000,000. Akipokea na ile 1,080,000 bila kurekebisha hesabu, ukaguzi utamdai.

Dhana: Ukigundua kosa, dai wakati wowote

Madai ya marejesho yana mwisho wa miezi 12, nayo inahesabiwa tangu siku ya kulipa, hata kama kosa umeligundua mwezi wa kumi na moja. Ambatanisha tamko, ushahidi wa malipo, ankara, hati ya shehena, na maelezo ya msimbo sahihi wa bidhaa (HS code) kwenye jedwali la ushuru, pamoja na katalogi au picha ya lebo. Wengi huandika tu “tulitozwa zaidi” na kukwama hapo. Ukikataliwa, una siku 30 za kumwomba Kamishna apitie upya uamuzi.

Kwa mzigo ulioharibika, haraka inahitajika zaidi. Omba ukaguzi wa pamoja na ofisa wa forodha kabla haujatoka bandarini, uharibifu uandikwe kwa idadi, katoni kwa katoni. Ukishavuka geti, ni vigumu mno kuthibitisha kwamba maji yaliingia melini na si kwenye ghala lako. Na kama bima yako ilijumuisha ushuru na imeshakulipa, iambie kampuni ya bima kabla ya kudai forodhani, kwa sababu huenda pesa hiyo sasa ni yake.