Kunakili picha ya staa sio kujua kuchora: mnayoambiana kuhusu kusomea sanaa

Kila matokeo ya form four yakitoka simu yangu inaanza, na zote zinaanza hivihivi: mwalimu, nina kijana wangu ana kipaji hatari, anachora mtu mpaka unasema kamera hii, tumpeleke chuo gani? Nafundisha uchoraji na kuandaa vijana wanaotaka kuomba vyuo, na mwaka huu hiyo sentensi nimeisikia mpaka imenitoka puani. Leo naandika yote mara moja, atakayenipigia namtumia hii halafu naendelea na chai yangu.

Tuanze na hiyohiyo, "anachora mpaka unasema kamera."

Mwezi wa kwanza alikuja mzee mmoja na kijana wake. Dogo kashika manila kaikunja, akaifungua mezani, sura ya staa wa bongo fleva, penseli tupu, ndevu mojamoja, jicho linang'aa, cheni shingoni kila pete unaihesabu. Mzee ananitazama anasubiri nishangae. Nikamwambia dogo hongera, una uvumilivu, sasa kaa hapo, ile chupa ya chai na kile kigoda nichoree, nakupa dakika 20. Zilipoisha nikaangalia karatasi, mdomo wa chupa kauchora kama mtu anaechungulia kutoka darini, kitako kakipiga mstari umenyooka kama wa rula kwa hiyo chupa inaelea, kigoda kina miguu mitatu, wa nne kauficha maana hakujua aupeleke wapi. Dogo mwenyewe akacheka, "ticha, mbona haikai chini?"

Haikai kwa sababu hajawahi kuangalia chupa, kaangalia picha tu. Kwenye picha kazi ngumu kamera ilishaimaliza, imechukua kitu chenye mbele na nyuma imekilaza kwenye kioo cha simu, yeye kapiga gridi, miraba kwenye simu na miraba kwenye manila, anahamisha mmojammoja mpaka sura itokee. Sisemi ni upuuzi, inafundisha kutulia, inafundisha kivuli, na mtaani inalipa vizuri maana watu wanaagiza picha za harusi na za marehemu kila siku. Ila haikufundishi chupa ya chai. Kitu cha duara kikiwa usawa wa jicho lako mdomo wake unauona kama mstari tu, na kadiri kinavyoshuka chini ya jicho ndivyo duara linavyofunguka, kwa hiyo kitako cha ile chupa pale mezani lazima kiwe na mviringo uliofunguka zaidi kuliko wa mdomo. Hii haisomwi kwenye simu, inaonekana ukikaa na chupa, ukainuka, ukachuchumaa, ukaangalia tena.

Na mwalimu wa chuo anaepokea kazi zako anatafuta hilo hasa, kwamba ukiwekewa kitu ambacho hakijawahi kupigwa picha utafanyaje. Ukimpelekea mastaa 15 wa penseli, kwake ni kazi moja uliyoirudia mara 15.

Sasa ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameshauchoka: nunua kaunta buku na bic. Bic, sio penseli, maana ukiwa na ufutio utafuta mpaka karatasi itoboke na mwisho wa siku hujajua ulikosea wapi. Kurasa mbili kila siku. Chora sufuria za mama ntilie zikiwa mafigani, chora watu wamesimama kituoni wanasubiri daladala (wanaondoka hujamaliza, vizuri, ndio utajifunza kuanza na mgongo na miguu badala ya kung'ang'ania kope), chora miguu ya watu nyumbani wamelala. Mguu ni mgumu kuliko sura, niamini. Wengine wananiambia ticha hayo mambo ya zamani siku hizi kuna tableti, sawa, mimi wa zamani, lakini chupa ukiichora inaelea kwenye karatasi itaelea na kwenye tableti.

Halafu neno lenyewe, kipaji. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akafariki 1972. Miaka minne tu! Lakini mtindo upo mpaka leo, kwa sababu alikaa chini na ndugu zake akawafundisha, nao wakafundisha wengine, mpaka 1990 wakaanzisha chama chao cha ushirika. Ingekuwa kipaji ndio kila kitu wangezika na mtindo wenyewe.

Ndio maana mtu akiniambia "kukaa kwa fundi sio kusoma" tunagombana. Kukaa kwa mchoraji wa Tingatinga au kwa wachongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar, ni kusoma kabisa, unashika kazi tangu siku ya kwanza na unaona mteja anavyovuta bei. Shida yake ni mbili, unatoka na mtindo mmoja wa bosi wako, na hutoki na cheti, kwa hiyo kama ndoto yako ni kufundisha shule hiyo njia peke yake haikufikishi. Kama ndoto ni kuuza kazi zako, mbona hata mimi nitakusindikiza.

Na mengine mnayoambiana: "Lazima awe amesoma arts." Jamani. HGL na HKL ni historia, jiografia, lugha, hakuna brashi humo. Jina limefanana tu. Nimeshapokea kijana wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na alikuwa anachora mfupa wa paja vizuri kuliko wote darasani.

"Kafeli, ndio maana tunampeleka sanaa." Hii inaniudhi karibu kama ile ya kwanza. Cheti cha awali kinataka angalau D nne form four, na masomo ya dini hayahesabiwi, sasa mtoto mwenye D mbili unamleta sanaa aingilie dirishani? Akiwa nazo nne, anaanza level ya 4, ndiyo hiyo ya cheti cha awali, akipanda mpaka ya 6 ana diploma, kama miaka mitatu hivi, na diploma yenye GPA ya 3.0 inamruhusu kuomba digrii. Form six nae anataka principal mbili zenye jumla ya pointi 4. Hakuna njia ya walioshindwa hapo, kuna ndefu na fupi. Mimi mtoto ambae mikono inamuwasha na form five anaiona kama jela namwambia aende cheti moja kwa moja, ila anaesitasita bora amalize form six huku anajaza kaunta buku.

"Bagamoyo ni ngoma tu." TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ngoma ipo na muziki upo na maigizo yapo, na uchoraji na uchongaji pia upo. Soma mwongozo kabla ya kubisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako kuna idara ya sanaa bunifu, na kwa anaetaka kuzungukwa na wasanii wanaofanya kazi kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni tangu 2008.

"Grafiki ni kujua programu." Programu utaijua ndani ya miezi, herufi zikae wapi kwenye bango ndio kazi ya miaka.

"Sanaa haina heshima." Sam Ntiro, mchoraji kutoka Machame, alisoma Makerere, akasoma na London, na tulipopata uhuru 1961 ndie aliyepelekwa London kuwa balozi wetu. Ubalozi sijakuahidi lakini.

Dogo wa chupa ya chai alirudi mwezi wa tatu, peke yake, mzee hakuja. Kaunta buku pembeni imelowa chai imekauka imekuwa kahawia. Kurasa za mwanzo chupa zinaelea zote, kama tano au sita, halafu taratibu zinaanza kushuka. Kwenye ukurasa wa 40 na kitu kuna mguu wa bibi yake, kalala kwenye mkeka, kisigino kimepasuka, vidole vitano vyote vimekaa panapotakiwa. Nikamuuliza yule staa yuko wapi, akasema kamuuzia shangazi yake.